Sura ya Saba: Kufua Kwanza, Sindano Baadaye

Hakuna mtu aliyewahi kumwona Inspekta amekaa kitini mpaka chai yake ikapoa. Kituoni walimwita Kiroboto, jina alilolijua na kujifanya halijui, na asubuhi hiyo alilistahili kuliko siku zote. Alikuwa amelizunguka bohari la jumuiya nje na ndani, amepanda ngazi za nyuma, amezishuka, amefungua kabati ambalo halikuhusika na lolote. Sasa alisimama katikati ya milima ya nguo, mikono mfukoni, akiitazama saa ya ukutani kwa hasira, kana kwamba saa ndiyo iliyofanya kosa.

Saa nane mchana dereva wa jumuiya angepandishwa kizimbani kwa kumuua mlinzi. Shtaka la namna hiyo halina dhamana. Angetoka pale moja kwa moja hadi mahabusu, na kesi za mauaji hukaa mpaka watoto wa mshtakiwa wakaota ndevu. Inspekta ndiye aliyemkamata. Ushahidi ulikuwepo na mkuu wake aliridhika nao. Yeye hakuridhika, na hakuwa na sababu ya maana ya kumpa mkuu zaidi ya kwamba usingizi ulikuwa umemkimbia.

Mambo yenyewe yalikuwa wazi kama kiganja. Jumuiya hii ya hisani ilipokea nguo kuukuu, ikazifua, ikazirekebisha, ikaziuza, na kinachopatikana kikaenda kwenye wodi ya watoto walioungua. Jioni ya siku hiyo kulikuwa na onyesho la mitindo na mnada, na kwa ajili ya mnada matajiri wa mji walikuwa wametoa mikoba ya ngozi ya bei mbaya. Usiku mmoja, siku chache kabla, mikoba ikaibwa. Mlinzi akaokotwa chini ya ngazi za nyuma, kichwa kimegonga saruji, na akakata roho hospitalini bila kusema neno. Ngumini mwake walikuta kipande cha kitambaa cha kaki. Mlango haukuvunjwa, ulifunguliwa kwa ufunguo. Funguo walikuwa nazo watu watatu: Mwenyekiti wa jumuiya, mkuu wa washonaji, na dereva. Dereva alikuwa na jaketi la kaki ambalo kila mtu alimfahamu nalo, na jaketi hilo sasa halionekani.

"Nililitoa," dereva alisema jana, baada ya kukaa kimya tangu akamatwe. "Nililitia kwenye sanduku la getini kama watu wengine, siku ambayo mke wangu hakuja kazini."

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Alinipa mama mkwe. Nalichukia. Mke wangu akijua nimeligawa, afande, nyumba haikaliki."

Inspekta alikuwa amewasikia waongo wengi, lakini hakuwahi kumwona mtu anayemwogopa mama mkwe kuliko mahakama akidanganya. Ndiyo maana alikuwa hapa, akilitafuta.

"Afande," alisema Koplo, ambaye alikuwa ameketi juu ya robota la mablanketi na hakuonyesha dalili ya kuondoka, "wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

"Basi inuka hapo ulipokalia, tuangalie nguoni."

Koplo aliinuka kwa uchungu wa mtu anayehamishwa kijiji.

Chumba cha washonaji kilikuwa nyuma ya bohari, chenye meza moja ndefu na dirisha linalotazama ukumbi wa onyesho. Wanawake watatu walikuwa mezani. Kichwani mwa meza alikaa Mama Uzi, mkuu wao, mwanamke mnene wa makamo mwenye miwani iliyoteremka puani na subana ya kukinga sindano kidoleni. Upande wa dirisha alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyejiunga hivi karibuni kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, kukaa nyumbani na mumewe kulikuwa kazi nzito kuliko kufundisha. Wa tatu alikuwa mke wa dereva. Yeye hasa kazi yake ilikuwa kupiga pasi na kutundika, na alijulikana kwa kunusa kola ya kila nguo kabla haijafika dukani. Macho yake yalikuwa yamevimba. Mama Uzi alikuwa amemvutia kiti karibu yake, na kila baada ya muda alimpapasa mkono.

"Kula kidogo, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Hujatia kitu mdomoni tangu jana."

"Hakipiti, mama."

Mwalimu alikuwa ameshika sketi na sindano yenye uzi mwekundu, ameanza kuchoma.

"Mwalimu!" Mama Uzi alimgeukia. "Hiyo sketi imefuliwa?"

"Bado, ila nilionelea niokoe muda..."

"Hapana, hapana. Kufua kwanza, sindano baadaye. Uzi huu mwekundu mpya unachuja. Ukishona kisha ukafua, unaniachia doa la waridi kuzunguka mshono wote, halitoki mpaka kiyama. Nguo ikishafuliwa na kukauka, ndipo unaishona, na mnunuzi tunamwambia aifue peke yake kwa siki. Sawa?"

"Sawa," alisema Mwalimu, kwa unyonge wa mwanafunzi aliyenyang'anywa chaki.

Inspekta aliyasikia hayo huku akipekua hanga moja baada ya nyingine. Kila nguo ilikuwa na mahali palipoponywa kwa uzi mwekundu: kiwiko, pindo, kwapa. Hawakujaribu kuficha.

"Ndiyo sera yetu," ilisema sauti kutoka mlangoni. Mwenyekiti wa jumuiya aliingia akiwa amevaa gauni lililoshonwa kwa tai za wanaume, tai kama arobaini hivi, na alitembea kama mtu ambaye amejiandaa kupigwa picha. "Hatufichi kiraka. Vazi lenye maadili halidanganyi. Na chochote kinachotolewa hapa kinauzwa hapa hapa. Hatufungi marobota tukaenda kuwamwagia wengine uchafu wetu. Wala mtoaji hatumwandiki, ili asije akajivuna. Haya yote nitayasema jioni kwenye hotuba."

"Kwa hiyo nguo ikiingia kwenye sanduku la getini, hakuna ajuaye ni ya nani."

"Hakuna. Ni uzuri wa jambo lenyewe." Alishusha sauti. "Inspekta, wageni wanaingia saa kumi. Mtu wenu mnaye. Hivi kweli ni lazima askari wasimame katikati ya nguo zangu leo?"

"Saa nane, mama. Nipe mpaka saa nane."

Ukumbini taa zilikuwa zinawaka na kuzima, nyekundu, buluu, nyekundu, na muziki ulianza, ukakatika, ukaanza tena pale pale. Kijana mmoja mrefu alichomoza kichwa mlangoni, waya umemning'inia begani. Alikuwa fundi wa taa za onyesho, mtoto wa pekee wa Mama Uzi.

"Shikamooni. Mama, ule waya mrefu uko wapi?"

"Nyuma ya mlango." Mama Uzi aliinuka, akamfuata, akamtoa nyuzi zilizomganda shatini kama anayemwandaa kwenda shule. "Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Na baridi yote hii kijana anatembea na shati tu," alisema Mwalimu.

"Hawa hawasikii baridi, damu yao inachemka," Mama Uzi alijibu, na kijana akacheka, akachukua waya wake, akaenda. Inspekta alimtazama bila kumwona, maana wakati huo huo Koplo alikuwa anaita kutoka mwisho wa chumba.

"Afande! Njoo uone."

Lilikuwa limetundikwa kwenye reli ya nguo za onyesho, kati ya koti la mvua na gauni la harusi. Jaketi la kaki la mwanamume, limepigwa pasi likanyooka. Mfuko wa kulia ulikuwa umetiwa kiraka na kushonwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo iliyopangana vizuri.

Inspekta alitoa bahasha, akatoa kile kipande kilichotoka ngumini mwa marehemu, akakilaza juu ya kiraka. Kingo zake zilikaa juu ya mshono bila kupungua wala kuzidi. Hata Koplo hakutania.

"Basi," alisema Mwenyekiti, akapumua. "Yamekwisha. Aliliingiza sandukuni baada ya kumuua maskini yule. Watu wetu wakalifua, wakalishona, bila kujua. Masikini washonaji wangu!"

"Si la mume wangu," alisema mke wa dereva.

Wote wakageuka. Alikuwa amesimama, amelishika jaketi kwa mkono, pua kwenye kola.

"Nimelipiga pasi lake miaka yote. Hili silo."

"Dada," alisema Koplo, na kwa kweli alisema kwa upole, "mke atasema nini kingine?"

Mama Uzi alimshika mwanamke mabega, akamketisha. "Tulia, mwanangu. Tulia. Mungu hamtupi mja wake."

Koplo alikuwa ameshatoa simu ili ampigie mkuu. Huko ndiko mambo yalikokuwa yanaelekea: jaketi limepatikana, kipande kimekaa mahali pake, dereva mwenyewe amekiri kwamba jaketi lake lilipitia sandukuni. Alichokisema ili ajiokoe ndicho kitakachomnyonga. Inspekta alilichukua jaketi, akalipeleka dirishani. Akarudi. Akalipeleka tena dirishani. Taa za ukumbini ziliwaka nyekundu, akangoja zizimike.

"Weka simu," alisema.

"Afande?"

"Weka simu mfukoni. Njoo utazame hapa, kuzunguka mshono. Unaona nini?"

Koplo aliinama. "Uzi mwekundu."

"Na kitambaa?"

"Kaki." Akasogea zaidi. "Kina... kama waridi hivi. Kama mtu amemwaga sharubati."

Inspekta alikwenda kwenye reli akavuta shati, kisha sketi, kisha suruali ya mtoto, akavitupa mezani mbele ya Mwenyekiti aliyefumba macho kwa uchungu. Kwenye vyote uzi ulikuwa mwekundu na kitambaa kilikuwa safi.

"Humu ndani mnafua kwanza ndipo mnashona. Nimesikia kwa masikio yangu. Hili lilishonwa kwanza, likafuliwa baadaye. Halikuponywa humu. Lilipofika sandukuni, kama kweli lilipita sandukuni, lilikuwa limeshashonwa."

"Kwa uzi wetu?" Mwenyekiti alishangaa.

"Kwa uzi wenu, na kwa mtindo wenu. Nani anapeleka uzi nyumbani?"

Mwalimu, ambaye hakuzoea swali kukaa hewani bila mtu kunyoosha mkono, alisema, "Sote. Tunachukua kazi nyumbani. Tuko watatu tu."

Macho ya Koplo yalimwendea mke wa dereva, na macho ya Mwenyekiti yakafuata. Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kuelewa wanachomtazamia. Mume aue, mke ashone: kilikuwa kisa kilichonyooka, na Inspekta aliona jinsi mkuu wake atakavyokipenda. Badala ya mtu mmoja kizimbani, wangekuwa wawili, na watoto wao wangebaki kwa yule bibi mpenda majaketi.

"Sikulishona mimi," mwanamke alisema. "Wallahi sikulishona."

Inspekta alikuwa amelipindua jaketi ndani nje. Alipitisha kidole gumba chini ya kiraka, taratibu, kona hadi kona, akarudia. Mezani, Mama Uzi alikuwa anamtazama kidole.

"Nataka kila mmoja wenu anishonee mpasuko," Inspekta alisema. Alichukua shuka kuukuu, akalichana vipande, na kila kipande akakichana katikati. "Mshone kama mnavyoshona siku zote. Hamna haja ya kuharakisha."

"Kwa ajili ya nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kwa ajili yangu."

Wakashona. Hakuna kitu kinachochosha kama kumwangalia mtu anashona wakati saa inakwenda. Mke wa dereva alijichoma kidole, akakinyonya, akaendelea. Mwalimu alishona ametoa ncha ya ulimi. Mama Uzi alishona bila kuitazama kazi, haraka, kama mtu anayemenya viazi. Muziki wa ukumbini ulianza, ukakatika, na kila ulipokatika alisikika yule kijana akipiga kelele juu ya ngazi yake, "Bado! Rudia!" Inspekta alizunguka meza, akafika dirishani, akazunguka upande wa pili.

"Afande, unatutia kizunguzungu," alinong'ona Koplo.

"Funga macho."

Walipomaliza alivikusanya vipande, akavipindua kimoja kimoja. Cha mke wa dereva kilikuwa na fundo mwanzoni mwa uzi, kubwa na baya. Cha Mwalimu kilikuwa na fundo, tena mawili. Cha Mama Uzi kilikuwa na fundo dogo, limefungwa kwa nguvu.

Inspekta alivilaza mezani karibu na jaketi. Nyuma ya kiraka cha jaketi hapakuwa na fundo hata moja. Aliyelishona alianza kwa kurudia uzi juu ya uzi, mara kadhaa, mpaka ukajishika wenyewe. Alikuwa na uhakika kwamba mmoja wa hawa watatu angejionyesha, na wote watatu walikuwa wamefunga mafundo. Saa ya ukutani haikumsubiri.

"Umeridhika sasa?" alisema Mwenyekiti. "Naomba nguo zangu zirudi kwenye reli."

Mke wa dereva, kwa mazoea tu, maana mikono ya mtu wa kazi haijui msiba, alikuwa ameanza kuvikusanya vile vipande vya shuka avinyooshe. Akafika kwenye cha Mama Uzi, akakipapasa.

"Mama," alisema, "leo umefunga fundo?"

Chumba kizima kilisikia, na Mama Uzi hakuinua kichwa.

"Mkono umechoka, mwanangu."

"Eleza," Inspekta alimwambia mke wa dereva. "Kwani kuna ajabu gani?"

"Hakuna ubaya, afande. Ni kwamba yeye hafungi. Nguo zinazokwenda wodini hazitakiwi kuwa na fundo. Mtoto aliyeungua mgongo akililalia, halali usiku kucha. Yeye ndiye aliyetufundisha. Sisi kwenye nguo za wakubwa tunafunga, ila yeye mkono wake umeshazoea, hafungi popote. Tangu nimjue sijawahi kuona..."

Sauti yake ilipungua mwendo. Alikitazama kile kipande, akalitazama jaketi lililopinduliwa, akamtazama mwanamke aliyekuwa amemshika mkono tangu mumewe achukuliwe.

Inspekta alikwenda kwenye rafu ya wodi, akavuta kijigauni cha mtoto, akakipindua. Uzi juu ya uzi, bila fundo. Akakiweka kando ya jaketi. Mshono ulikuwa ule ule.

"Mama," alisema, na hakupandisha sauti. "Ulikuwa unanitazama kidole nilipopapasa. Ulijua natafuta nini, ukafunga. Bila huyu dada nisingejua."

Mama Uzi alivua subana, akaiweka mezani. Alivua miwani pia. Bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mzee zaidi.

"Hili ni jaketi la mwanao, ndiyo maana anatembea na shati tu kwenye baridi hii," Inspekta alisema. "La dereva huenda lilishauzwa. Na ufunguo ulikuwa wako. Lakini kuna jambo moja nataka uliseme wewe mwenyewe, kwa kuwa nalijua tayari, na si baya kwako. Ungekuwa unajua alichokifanya wakati unalishona, ungefua kwanza. Ungelifanya lifanane na mengine. Wewe ungeweza kusahau jina lako kabla hujasahau hilo. Ulishona kwanza kwa sababu ulikuwa unamshonea mtoto wako jaketi lililochanika, basi."

Ukumbini muziki ulianza, na safari hii haukukatika.

"Alisema msumari," alisema Mama Uzi. "Alirudi nikiwa bado nimekaa na kazi, akaniambia amenaswa na msumari. Nikamwambia mtu mzima unararua nguo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikamshonea pale pale, yeye amekaa mkekani ananisubiri. Tulicheka. Asubuhi nimekuja kazini, nimekuta watu wamejaa kwenye ngazi. Yule mlinzi nilikuwa ninakunywa naye chai kila siku. Nikaambiwa ameshika kitambaa cha kaki."

"Ukarudi nyumbani ukalifua."

"Kwa maji baridi. Nilidhani uzi hautachuja. Ukachuja. Nisingeweza kulileta bila kufua, huyu ananusa kila kola, angejua ni nguo ya mtu, si nguo ya sanduku."

"Ungelichoma tu, mama," alisema Koplo, na ilionekana kweli anataka kujua. "Kiberiti kimoja. Tusingekuwa hapa."

Mama Uzi alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Kuchoma nguo? Mimi? Nimewashika watoto wale wakibadilishwa bendeji, nimesikia wanavyolia. Siwashi moto kwenye kitambaa. Na kutupa sijawahi kutupa nguo nzima maishani mwangu. Nilijua likiingia humu litampata mtu wa kulivaa. Nikasema, angalau litamfaa mtu."

Mwenyekiti alikuwa ameketi bila kujua ameketi. Mwalimu alikuwa analia kimyakimya, kwa adabu, akitumia sketi ile ambayo haijafuliwa.

"Mama," alisema mke wa dereva. Alikuwa bado amesimama na kile kipande mkononi. "Ulikuja nyumbani kwangu. Ulinipikia. Ulilala chumba kimoja na wanangu."

"Nilitaka kusema. Kila siku nilikuwa nasema nitasema kesho."

"Kesho ya nani, mama? Yangu au yako?"

Mama Uzi alinyoosha mkono kama alivyozoea, na safari hii mkono haukupokelewa.

Inspekta alimwambia Koplo ampigie mkuu sasa, azuie lile shtaka, asingoje saa nane, na kama mkuu atabisha amwambie Kiroboto ndiye aliyesema. Koplo alikodoa macho, kisha akatoka mbio, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia.

"Mikoba?" Inspekta aliuliza.

"Sijui alikoipeleka. Sikuthubutu kumuuliza chochote. Mpaka leo hajui kwamba najua. Jaketi nilimwambia nimeliloweka."

Inspekta alichungulia dirishani. Kijana alikuwa juu ya ngazi ndefu, karibu na dari, amezungukwa na waya, mgongo umewaelekea. Kulikuwa na mlango nyuma ya jukwaa na mwingine wa mbele, na yeye alikuwa peke yake mpaka Koplo arudi. Alianza kuhesabu hatua kichwani, akaacha. Mlango wa nyuma ulikuwa karibu na kijana kuliko ulivyokuwa karibu naye.

"Akikuona wewe atakimbia," alisema Mama Uzi nyuma yake. "Au ataanguka kutoka kule juu. Ana moyo mwepesi tangu utotoni. Hata yule mzee mlinzi najua hakumkusudia, alishtuka tu akamsukuma. Niache nimwite mwenyewe."

"Ukimwonyesha ishara yoyote..."

"Huyu binti amesimama hapa," alisema Mama Uzi. "Nitamwonyesha ishara gani mbele yake?"

Inspekta alimtazama mke wa dereva. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa. Inspekta alikwenda akasimama nyuma ya mlango, pingu mkononi.

Mama Uzi aliinuka. Alijifuta uso kwa upindo wa kitenge, akavaa miwani tena ili asionekane amelia, akaenda hadi mlangoni. Akamwita kwa lile jina la utotoni ambalo mjini hapakuwa na mwingine aliyelitumia, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mama anayeita mtoto aje kula.

Muziki ulizimwa. Ngazi ililia.

"Naam, mama! Nakuja!"

Alikuja mbio, maana alilelewa hivyo: mama akiita, mtoto haulizi kuna nini.